MAUA YA KARATASI SI UPUUZI: JIBU KWA WAZAZI WANAOWAZUIA WATOTO KAZI ZA MIKONO



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad,

Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi. Hapa kwetu Kigali, kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho na watoto wakaanza kujiandaa na Idi, mjadala ule ule hurudi. Watoto wa madrasa hukusanya mifuko ya karatasi, trei za mayai na magazeti ya zamani, wakakata na kukunja maua ya kupamba sebule na chumba cha kusomea. Hapo huzuka wazazi wakasema: "Ustadhi, mimi nimemleta mwanangu asome Qur'an, sikumleta acheze na makaratasi." Wengine huenda mbali zaidi wakasema ni haramu. Wapo waliokwishawatoa watoto wao darasani kwa jambo hili.

Jambo hili linahitaji jibu, na jibu lenyewe litolewe kwa dalili, si kwa hasira. Nitazitaja hoja zao moja moja, kwani mtu hajibiwi mpaka kwanza asikilizwe.

HOJA YA KWANZA: "KUTENGENEZA MAUA NI KUFANYA TASWIRA"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inabeba jina la dini. Ni kweli kwamba zimepokewa hadithi sahihi zenye makemeo makali kwa wenye kutengeneza taswira, na hakuna Muislamu anayefaa kuzichukulia kwa wepesi. Lakini anayeshika hadithi moja na kuiacha ya pili hajaitendea haki elimu.

Amepokea Bukhari na Muslim kwamba alikuja mtu kwa Ibn Abbas (Radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake), akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza taswira. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu adhabu ya jambo hilo. Yule mtu alishtuka mpaka uso ukambadilika rangi. Ibn Abbas hakumwacha katika hali ile. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi yake, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Tazama fiqhi ya Sahaba huyu! Hakumfungia mtu mlango wa riziki, bali alimwonyesha mlango wa halali. Na ua ni nini kama si sehemu ya mti? Ni kweli kwamba Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amenukuliwa akichukia kuchora mti wenye matunda. Wanazuoni walio wengi hawakumfuata katika hilo, na Imam An-Nawawi amelieleza jambo hili katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Kwa hiyo anayesema kwamba ua la karatasi ni haramu kwa sababu ni taswira, na atuletee mwanachuoni aliyemtangulia kwa kauli hiyo.

Umma wenyewe umeshuhudia kwa vitendo. Msikiti Mkuu wa Damascus, uliokamilika mwaka 715 katika zama za Banu Umayya, umepambwa kwa picha za vijiwe vya rangi zinazoonyesha miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama hata mmoja. Msikiti wa Rüstem Pasha kule Istanbul, wa karne ya 16, kuta zake zimejaa vigae vyenye maua. Hata ua la karatasi lenyewe si geni katika Uislamu. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walikuwa na fani kamili ya kukata karatasi, na Fahri wa Bursa, aliyeishi mpaka mwanzo wa karne ya 17, alipata sifa kwa bustani alizozikata kwa mkono wake. Waislamu hawa waliheshimiwa kwa kazi zao, na hakuna aliyewaambia kuwa wanapoteza umri.

HOJA YA PILI: "HUKU NI KUIGA WASIOKUWA WAISLAMU"

Wanasema: maua ni mambo ya Valentine, ni mambo ya harusi za wengine, yanatuhusu nini?

Tunajibu: siku ya 14 Februari hatuna haja nayo, na tunawaonya vijana wetu nayo. Lakini ua halina dini. Ua ni kiumbe cha Allah (S.W.T.), na halikupata kuwa mali ya watu fulani kwa sababu wameliweka kwenye kadi. Neno la Kiarabu lenye maana ya waridi limekuja mara moja tu katika Qur'an nzima, katika Suuratur-Rahman aya ya 37, pale mbingu inaposimuliwa itakavyopasuka siku ya Qiyama. Na katika Suura hiyo hiyo, aya ya 12, Allah (S.W.T.) anayahesabu mimea yenye harufu nzuri miongoni mwa neema Zake. Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alituelekeza tusikatae reihani mtu anapotupa, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Na Bukhari amepokea kwamba aliwafananisha wajukuu wake, Hasan na Husein, na reihani zake mbili katika dunia hii. Mtume wako ameona mtoto na ua vinafanana, na wewe unaona vikikaa pamoja ni kuiga makafiri?

Cha ajabu ni kwamba wengi wanaosema maneno haya, ukiingia sebuleni kwao utakuta chombo cha maua ya plastiki kutoka dukani, yamejaa vumbi tangu siku ya harusi. La plastiki lililonunuliwa kwa fedha halina neno, lakini la karatasi lililotengenezwa na mwanao ndilo kuiga! Ndugu yangu, hapo hakuna dini inayotetewa.

HOJA YA TATU: "NI KUPOTEZA WAKATI"

Hapa nataka tuzungumze kwa uwazi kabisa, kwani hapa ndipo penye maradhi yenyewe.

Mzazi anayelalamika juu ya saa moja ya mkasi na gundi kwa wiki, ndiye huyo huyo anayempa mtoto wa miaka mitatu simu ili anyamaze. Mtoto anakula akitazama simu na analala akitazama simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku. Jiulizeni, wazazi, ni nyumba ngapi mtaani kwetu Biryogo na Nyamirambo zinazofuata hilo? Saa tatu za katuni haziitwi kupoteza wakati, ila saa moja ya kukunja karatasi pembeni ya baba yake ndiyo inayoitwa upuuzi.

Na tuwatazame wale tunaodai kuwafuata. Sahaba wa kike Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh anasimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao saumu ya Ashura, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akilia njaa hupewa kile cha sufi ajishughulishe nacho mpaka wakati wa kufuturu. Hawakwenda sokoni kununua. Walichukua sufi wakaunda kitu kwa mikono yao, na kitu hicho kikamsaidia mtoto kukamilisha ibada! Na Mama wa Waumini Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo, kama alivyopokea Abu Dawud, farasi mwenye mbawa mbili za viraka. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, akamjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Sulaiman, Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumwambia kwamba anapoteza wakati. Aliuliza, akasikiliza, akacheka. Ni baba wangapi leo wanauliza na kusikiliza?

Mimi nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na ninachokiona ubaoni ni hiki: vidole vilivyozoea kukata, kukunja na kubana ndivyo vinavyoshika kalamu vizuri. Mtoto ambaye kidole chake kinajua kutelezesha kwenye kioo tu, ukimwambia aandike jiim, haa na khaa, mkono unatetemeka na tumbo la herufi linapinda. Na subira pia husomwa hapo. Anayeharibu ua mara tatu na kurudia mara ya nne amejifunza somo ambalo ataliona tena akihifadhi Suuratul-Mulk.

Hata hesabu ya Msahafu wenyewe unaweza kuifundisha kwa karatasi. Mpe mtoto karatasi moja, umwambie hii ni juzuu. Aikunje mara moja: vimepatikana vipande viwili, hizo ni hizbu mbili. Aikunje tena mara mbili: sasa ni vipande vinane, na kila hizbu ina robo nne. Juzuu 30, hizbu 60, robo 240. Mtoto aliyekunja kwa mkono wake haisahau hesabu hii, na anapoiona ile alama ya nyota yenye pembe nane kwenye Msahafu, anajua imewekwa kwa kazi gani.

HOJA YA NNE: "NI KAZI YA WASICHANA"

Hii ni ya kujibiwa kwa ufupi. Nabii Daud (A.S.) alikula kwa kazi ya mikono yake, na hadithi yake iko kwa Bukhari. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kushona nguo yake mwenyewe nyumbani. Basi kijana wako wa miaka tisa ni nani hata aone mkasi na gundi ni aibu? Mvulana asiyezoeshwa kutumia mikono yake nyumbani ndiye baadaye anakuwa mume anayeketi kusubiri aletewe maji.

WANAOHARIBU KWA UPANDE WA PILI

Baada ya kuwajibu wanaokataza, uadilifu unatutaka tuwaambie ukweli na wanaozidisha. Zipo shule zinazowatumia wazazi orodha ya kazi za mikono: karatasi za rangi, gundi ya chupa, pambo la kumetameta, vyote kutoka dukani. Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alikuja kwangu akilia, kwa kuwa binti yake alirudishwa nyumbani na shule moja, ambayo sitaitaja, kwa kukosa vitu hivyo. Faranga za orodha ile zilikuwa ni unga wa siku kadhaa. Huyo mtoto atajifunza nini isipokuwa kwamba uzuri ni wa wenye fedha?

Allah (S.W.T.) ametukataza israfu katika Suuratul-A'raaf aya ya 31, na akawakemea wabadhirifu katika Suuratul-Israa aya ya 26 na 27. Kununua karatasi mpya ili ikatwe na kutupwa, na hali nyumba imejaa karatasi zilizokwisha kazi, ni ubadhirifu hata ukiuita elimu. Nasi hapa Rwanda hatuna udhuru kabisa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaja sheria nyingine juu ya plastiki za kutumika mara moja. Tangu hapo kila tunachonunua, mkate, sukari, nyanya, tunafungiwa katika mfuko wa karatasi ya kaki. Nyumba ya maskini na nyumba ya tajiri zote zina mifuko hiyo. Hiyo ndiyo karatasi yetu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ili asiwepo mwenye kusema hajui aanzie wapi, hizi hapa njia tulizozizoea na watoto wetu.

1. Gundi. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, ukoroge kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Mimina ndani ya nusu kikombe cha maji yanayochemka, ukoroge mpaka iwe nzito kama uji. Tia chumvi kidogo. Itumie siku hiyo au ya pili, kwani huchacha. Jikoni asimame mtu mzima, mtoto asiachiwe moto.

2. Waridi la mfuko wa kaki. Weka kisahani juu ya karatasi, chora duara, ulikate. Kisha anza ukingoni ukate kwa kuzunguka kuelekea katikati, kama konokono, upana wa kidole kimoja. Ukifika katikati acha kiduara kidogo. Sasa viringisha kuanzia ncha ya nje mpaka umalize, uache ilegee kidogo, na kile kiduara cha katikati ukigandishe chini kiwe kitako. Waridi limetoka.

3. Ua la magazeti. Pandanisha kurasa tano au sita zilizokatwa sawa, uzikunje mikunjo ya mbele na nyuma kama upepeo. Funga uzi katikati, kata ncha mbili ziwe za duara, kisha inua karatasi moja moja taratibu kuelekea katikati.

4. Ua la trei ya mayai. Kata vikombe vya trei, kila kikombe ukipasue pembe nne ziwe kama majani ya ua. Pachika kikombe kidogo ndani ya kikubwa. Vijiti vya mishikaki vilivyooshwa vinafaa kuwa mashina, lakini kwanza kata ncha kali.

5. Rangi. Manjano ya pilau iliyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu hutoa rangi ya njano. Majani ya chai hutoa kahawia. Kisha waonyeshe watoto ajabu hii: karatasi iliyopakwa manjano ikishakauka, pitisha juu yake maji ya sabuni ya kufulia, itageuka nyekundu ya kahawia. Dondoshea ndimu, itarudi njano. Watauliza kwa nini. Waambie kwamba ndani ya manjano mna kitu kinachobadilika rangi kikikutana na sabuni, na ndimu inakirudisha. Na waambie pia ni nani aliyekiweka humo. Hapo umesomesha sayansi na tawhidi kwa kijiko kimoja cha kiungo.

MASHARTI AMBAYO HATUYALEGEZI

Kwanza, na hili ni kubwa, karatasi yoyote yenye aya, hadithi au jina la Allah (S.W.T.) haikatwi ua. Madaftari ya madrasa na magazeti ya Kiislamu hayaingii katika kapu la karatasi kuukuu mpaka yakaguliwe ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za Msahafu zilizochakaa huzikwa mahali safi au huchomwa, kama Sayyidna Uthman (Radhi za Allah ziwe juu yake) alivyoamrisha kuchomwa kwa nakala nyingine pale alipowakusanya watu juu ya Msahafu mmoja. Wape watoto wenyewe kazi hii ya kukagua, mkubwa mmoja akiwasimamia. Mtoto aliyezoea kuitazama kila karatasi kabla ya kuikata hatafungia karanga jina la Mola wake atakapokuwa mkubwa.

Pili, adhana ikilia, mkasi unawekwa chini. Ua linasubiri, Swala haisubiri.

Tatu, somo la Qur'an halipunguzwi hata dakika moja. Kazi hii ina saa yake, baada ya kuhifadhi.

Nne, baba au mama akae hapo. Ukimwachia mtoto karatasi ukaenda zako na simu yako, umebadilisha kifaa tu.

Tano, kabla ya kutupa, semeni na watoto. Baada ya wiki chache ua la manjano hupauka na karatasi husinyaa. Hapo mfungulie Suuratul-Hadid aya ya 20, umweleze mfano uliopigwa humo wa mimea inayopendeza kisha ikanyauka na kuwa mapepe. Na umweleze kuwa katika Suurat Twaha aya ya 131 pambo la maisha ya dunia limetajwa kwa neno la asili moja na ua. Mtoto mwenye ua lake mwenyewe lililopauka mkononi ataielewa aya ile vizuri kuliko mkubwa aliyeisikia kwenye khutba akisinzia.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Ndugu zangu, anayetaka kutoa mtoto wake madrasa kwa sababu ya maua, namuomba kwanza ajibu swali moja: mwanao akifikisha miaka kumi na minane, atakumbuka nini alichokifanya pamoja na wewe? Hatakumbuka simu uliyompa, kwa kuwa ile alikuwa nayo peke yake. Atakumbuka mkono wako uliposhika karatasi naye akakata. Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga. Hutaulizwa ulinunua pambo la bei gani. Utaulizwa juu ya mtoto mwenyewe.

Basi Idi hii, msinunue. Kusanyeni mifuko ya mkate kuanzia leo, mkaguane karatasi, mchemshe unga, mkae chini. Aliye na hoja nyingine ya kukataza na ailete kwa dalili, tutamsikiliza kwa heshima. Asiye na dalili na awaachie watoto mikasi yao.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, aibariki mikono yao, na awakinge na kila lenye kuwapotezea umri wao. Amin.

Wabillahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.